Mtamba Mwenye Masikio Mekundu

Nikiwa na miaka kumi na minne nilimwuliza baba kwa nini ana chuchu. Alikuwa amevua shati kwa sababu ya joto, amekaa kwenye kigoda chake akisubiri ugali wa mtama, na mimi nimeshika birika la maji ya kunawa. Nikaziona pale mbili, zimekaa kifuani bila kazi yoyote. Nikauliza. Mama aliacha jiko akaja mlangoni kusikiliza. Baba aliinamisha kichwa akazitazama kana kwamba ameonyeshwa kitu kipya mwilini mwake, akanawa, akakung'uta mikono, akasema, "Ni za akiba." Kisha akala.

Ndivyo nilivyokuwa, na sijapona. Swali likinishika lilinisumbua kama mwiba wa kidoleni, sikutulia mpaka mtu alitoe, na asiyelitoa nilimnunia. Niliuliza kwa nini mbuzi dume akinusa mkojo hubenua mdomo kama anamcheka mtu. Niliuliza kwa nini mtu hawezi kujitekenya mwenyewe. Nilipogundua kwamba kuku akilazwa chali na kushikiliwa kidogo huganda kama amekufa, niliwapanga kuku sita wa mama uani, miguu juu, nikarudi nyuma kuwatazama kwa fahari. Mama akatokea kisimani, akatua ndoo, akapiga yowe kwamba mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku, umeingia. Majirani walikuja mbio. Kuku wakaamka mmoja mmoja, wakajikung'uta, wakaenda zao, na mimi nilikuwa nimekwenda zangu kabla yao.

Nyumbani kwetu ni Ngulyati, lakini siku za shule nilikaa Bariadi mjini kwa shangazi, kwa kuwa nilisoma sekondari ya kutwa. Shangazi alikuwa dada yake baba, tena pacha wake. Walizaliwa siku moja, yeye akatangulia, na hakuacha kumkumbusha. Alikuwa na watoto saba, sauti ya kusikika soko zima, na meza ya mitumba ambayo hakuna mteja aliyeiacha bila kutaniwa. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, kila mtu anauza kitu. Wanunuzi wa pamba walimiminika na mizani zao, kila mmoja akidai ya mwenzake ni mbovu. Josho la serikali la kuogeshea ng'ombe lilikauka likaota majani. Na bwana mifugo wetu, ambaye zamani alipita vijijini kwa pikipiki ya serikali akichanja bure, alipunguzwa kazi akarudi nyumbani na barua. Alikaa wiki mbili akiitazama, halafu akafungua duka la dawa za mifugo.

Alipanga chumba kwa mfanyabiashara mmoja wa kanga na sukari, Mwislamu mstaarabu aliyekuwa na benchi la wanywa kahawa nje. Mwenye nyumba alikuwa na sharti moja tu: wateja wa upande wa pili wasitaje kupe wala minyoo kwa sauti wakati watu wanakunywa. Wafugaji walijitahidi. Waliingia wakinong'ona kama wanaokuja kuungama, wakauziwa dawa ya kuogeshea kwa kipimo cha kizibo, wakaenda kuipuliza kwa bomba lilelile la pamba.

Mimi nilikwenda pale kila siku baada ya shule. Mwalimu wa biolojia alishachoka nami. Nilipomwuliza habari ya chuchu za baba alisema haiko kwenye silabasi, akanituma kumwagilia maua. Bwana mifugo hakuwa na silabasi. Alikuwa na muda, kwa kuwa wateja walikuwa wachache, na alikuwa na donge la mtu aliyesoma halafu akaambiwa hahitajiki. Ukimwuliza swali uso unamrudia rangi.

"Tumboni wote tunaanza na ramani moja," aliniambia. "Chuchu zinachorwa mapema, kabla haijaamuliwa vizuri kama huyu atakuwa wa kike au wa kiume. Ikishaamuliwa, hakuna anayerudi kuzifuta."

Nilimpelekea baba jibu hilo Jumamosi. Alisema lake la akiba lilikuwa fupi zaidi.

Sasa dada yangu. Alinizidi miaka mitano, naye pia alizaliwa pacha, pamoja na kaka yetu aliyekuwa akifanya kazi Mwanza kwenye kiwanda cha samaki. Mapacha, mabasa kama wanavyoitwa kwetu, hawazaliwi kimyakimya, na ngoma iliyochezwa siku hizo watu waliikumbuka hata huko walikotoka waliomwoa. Aliolewa Lalago. Siku ng'ombe wa mahari walipoletwa, wazee wa upande wetu walisimama mlangoni mwa zizi kuwakagua kama ilivyo desturi. Hapo hakuna haya. Ng'ombe anafunguliwa mdomo, anaguswa kiwele, anatembezwa, na aliyekonda anarudishwa na maneno juu. Wazee wetu walikuwa wakali kuliko watu wa forodha. Kisha akaingia mtamba mmoja mweupe, mweupe mwili mzima, isipokuwa masikio mekundu na alama nyekundu kuzunguka macho. Baba aliacha kukagua. Kwetu mtu anaweza kumsahau jirani yake wa miaka kumi, lakini rangi ya ng'ombe aliyemwona mara moja ataieleza mpaka kaburini. Mzee mmoja alianza kuuliza jambo kuhusu mama wa yule mtamba, na baba, mtu mwangalifu kuliko wote, akasema, "Mwacheni apite."

Hilo ndilo kosa lake. Alidanganywa na masikio.

Miaka miwili ikapita. Mtamba alinenepa, aking'aa kama amepakwa mafuta, na hakushika mimba. Baba alisema bado anajenga mwili. Dada naye, kule Lalago, hakushika mimba, na yeye hakuna aliyesema anajenga mwili. Walianza kwa kumpa dawa za mizizi, wakaendelea na minong'ono, na mwishowe shemeji akamleta nyumbani na sanduku lake, akamwacha kwa baba, akasema wazee wake watakuja wakishavuna pamba.

Kila mtu alijua watakuja kusema nini. Kikao kikikubali kwamba dada ni tasa, ndoa imekwisha, ng'ombe wanarudi Lalago, na yeye anabaki na jina hilo. Jina hilo halifutiki. Ukiitwa tasa Ngulyati, wanakujua mpaka Lingeka, na hata mwanamke mwenzako anakuficha mtoto wake mchanga usije ukamtazama sana. Nilimpenda dada yangu, na nilikasirika. Nilikasirika hasa kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika wa lolote, na wote walizungumza kama wameingia tumboni mwake wakatoka.

Ndipo nikakumbuka kitu. Likizo iliyotangulia nilikwenda kumtembelea Lalago, na kwenye zizi lao nikaona dume jeupe, masikio mekundu, macho yamezungushiwa wekundu. Nilimwuliza mama mkwe wake. Alinijibu kwa furaha, mama wa watu, kwamba huyo ni pacha wa mtamba wetu, walizaliwa asubuhi moja. Wakati ule niliona ni habari nzuri tu. Sasa nilikwenda nayo dukani kwa bwana mifugo, nikataka kujua kama mapacha wa ng'ombe wana shida yoyote, maana mapacha wa kwetu hawakuwa nayo zaidi ya mdomo.

Bwana mifugo aliweka chini kikombe chake.

"Dume na jike?"

"Dume na jike."

"Huyo mtamba wenu hazai," akasema. "Hata mkimletea madume ya wilaya nzima."

Akanieleza, na mimi nikasikiliza huku nywele zikinisimama kwa raha. Ng'ombe akibeba mapacha, kondo zao za nyuma mara nyingi huungana humo ndani, damu ya mmoja inaingia kwa mwenzake. Dume huanza mapema kutengeneza homoni zake. Zile homoni zinasafiri na damu, zinamfikia dada yake, zinamvuruga viungo vya uzazi kabla havijakamilika. Anazaliwa jike kwa kumtazama nje, ana afya, ana sura, lakini ndani mji wa mimba haukujengwa ukaisha. Wafugaji wa zamani wanalijua hilo bila kitabu, alisema, ndiyo maana mtu akinunua mtamba huuliza kama alizaliwa peke yake. Kuna kipimo chake rahisi, mrija wa kioo tu.

Niliruka juu. Mwenye nyumba alichungulia kuona kama nimetaja minyoo.

Mpango niliupanga na shangazi. Kikaoni mimi nisingeweza kusema kitu, msichana wa kidato cha pili, kazi yangu kupitisha maji. Shangazi yeye aliweza, kwa umri wake, kwa upacha wake na baba, na kwa sababu hakuna aliyewahi kufanikiwa kumzuia. Nilimfundisha habari ya kondo na homoni jioni mbili mfululizo, akikunja mitumba. Aliielewa haraka. "Kwa hiyo kaka anaweza kumharibia dada yake kabla hata hawajazaliwa," alisema. "Hilo mbona nalijua siku nyingi."

Dada tulikuwa tunamwona kila Jumamosi. Alikuwa ameanza kunenepa. Alikuwa akitwanga na kuimba, na aliniambia niache mambo yangu ya homoni nimletee sabuni. Nilidhani anajikaza.

Walikuja wanne: shemeji mwenyewe, wazee wawili, na mshenga wao. Mshenga alikuwa mzee mwembamba mwenye fimbo nyeusi, anayesifika toka Maswa mpaka Meatu kwa kujua ng'ombe. Walisema akimwona ndama anaweza kukutajia mama yake. Walisalimia, "Mwadila," tukaitikia, wakakaa nje karibu na zizi na baba, shangazi na wazee wetu, na mimi nikaanza kupitisha maji kwa mwendo wa kobe ili nisipitwe na neno.

Mshenga alisema kwa upole. Hawakuja kugombana. Walikuja kwa sababu shamba limelimwa misimu miwili na halikuota. Hawamlaumu mtu, Mungu ndiye mgawaji, lakini kijana wao anahitaji watoto, na ng'ombe wale walitolewa kwa ajili ya watoto. Baba alikuwa akitazama mikono yake. Shemeji alikuwa akitazama makatambuga yake ya matairi.

"Na sisi tuna la kuuliza," shangazi akasema. "Yule mtamba mweupe. Alizaliwa peke yake?"

Mshenga aliigeuza fimbo yake mkononi.

"Ng'ombe ni ng'ombe, mayu," akamjibu, kama mtu anayemwita mama yake.

"Nauliza kama alizaliwa peke yake."

"Mimi sikuwepo usiku huo," mshenga akasema.

"Asubuhi," nikasema. Ilinitoka tu. Baba alinitazama, nikainama kwenye birika.

Shangazi akamwita bwana mifugo, ambaye alikuwa ameketi nyuma ya ghala akisubiri, amevaa koti lake jeupe la serikali ambalo hakulirudisha. Watu wote wakahamia zizini. Akawaonyesha mrija wa kioo uliozibwa upande mmoja, akaupaka mafuta, akaanza na mtamba mwingine wa umri uleule. Mrija uliingia karibu wote kwenye njia ya uzazi. Wazee wakainama kuona, wakaitikia kwa vichwa, wakakubaliana hapo ulipofika. Kisha akaenda kwa yule mweupe. Mrija uliingia kidogo ukagota. Akajaribu tena taratibu, ukagota palepale. Akaunyanyua juu, akiwa ameshika kwa kidole mahali ulipoishia, na kila mzee aliyekuwa pale akaona.

Hakuna aliyehitaji maelezo. Walikuwa wafugaji. Baba aliweka mkono juu ya mgongo wa mtamba wake na sikuweza kumtazama usoni. Shangazi yeye alikuwa akitazama kila uso, mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Mlitulipa kwa ng'ombe asiyezaa," akasema, "mkijua. Halafu mnakuja kutuambia habari za shamba."

Nilikuwa nimeshinda. Nilisimama pale na birika langu nikijiona mkubwa kuliko wilaya. Na hapo ndipo yule mzee mwembamba aliposafisha koo.

"Tumekosa," akasema. "Sikatai. Mtamba wa namna hiyo atabadilishwa." Akaigonga fimbo yake chini polepole. "Lakini mmetufundisha jambo leo. Pacha wa kike akizaliwa na wa kiume, hazai. Kipimo tumekiona kwa macho. Na huyu binti yenu alizaliwa na nani?"

Wote walijua jibu: kaka yetu wa Mwanza. Ile ngoma ya mabasa ilisikika mpaka kwao. Sayansi yangu, niliyoibeba kutoka Bariadi kama zawadi, alikuwa ameigeuza mkononi mwangu akamwelekezea dada yangu. Na jikoni, hatua ishirini kutoka pale, dada alikuwa akisikia kila kitu.

Bwana mifugo alijitahidi. Alisema kwa binadamu si hivyo, kila mtoto kwa kawaida damu yake haichanganyiki na ya mwenzake, mapacha wa kike na wa kiume wanazaliwa na kuzaa kama watu wengine. Mzee mmoja wao akamwuliza kama serikali ilimsomesha watu au ng'ombe. Akakiri, ng'ombe. Wakacheka, na kicheko chao kilikuwa cha watu waliokwisha kuamua.

Shangazi akajifunga kanga upya.

"Mimi na huyu," akamwonyesha baba kwa kidevu, "tulikuwa tumbo moja, siku moja. Yeye dume, mimi jike. Nimezaa saba, na wote mnawajua, wengine mmewakimbiza kwenye matikiti yenu. Mwenye wasiwasi achukue hicho kioo aje."

Bwana mifugo alikificha kioo nyuma ya koti. Mzee mmoja wa Lalago alicheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongoni. Hata baba aliguna. Hoja ya mapacha ilikufa pale. Lakini mshenga hakucheka, na walipokuwa wakirudi kwenye vigoda nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, kwa haki kabisa, kwamba bado swali lipo: miaka miwili, na hakuna mtoto. Kama si upacha, ni nini?

Nilikuwa nikimmiminia maji. Nilishajua kwamba kwa mzee yule hakuna maneno yatakayopita kwa mlango wa mbele. Lakini nilikuwa nimemwangalia zizini. Wakati wengine walikuwa wakitazama mrija, yeye alikuwa akitazama kwato za ng'ombe wetu, mbavu zao, manyoya yao, midomo ikimtembea bila sauti. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza habari ya ng'ombe hawezi kukaa kimya, kama mimi nisivyoweza kuacha kuuliza.

"Babu," nikasema kwa adabu zote, nimepiga magoti, "naomba kuuliza la shule. Mtu akiwa na mtamba mzima, ana afya, amepimwa hana kasoro, na misimu miwili hashiki. Mfugaji anayejua anaanza kubadilisha nini?"

"Dume," mshenga akasema.

Akalisikia mwenyewe alilosema. Aliishika glasi ya maji bila kuinywa. Shemeji, masikini, aliinua macho kutoka kwenye makatambuga yake kwa mara ya kwanza siku ile, akatutazama sote, na nikaona kwamba hakuna mtu aliyewahi kumfikiria kwa upande huo, wala yeye mwenyewe. Nilimwonea huruma. Alikuwa mtu mpole na hakuwahi kunikosea.

"Toka hapa," baba akaniambia. Lakini hakulisema kwa ukali wake wa kawaida.

Nilikwenda nyuma ya ghala nikasikiliza. Baada ya mashauri marefu mshenga alisimama, akasema neno la utasa lisisemwe tena, si Lalago wala Ngulyati, wala hawatalisikia likisemwa. Mtamba mwingine ataletwa. Binti yetu arudi kwa mume wake kwa heshima, na mambo mengine yaachiwe siku. Baba akakubali. Wakapeana mikono.

Nilikimbilia jikoni. Dada alikuwa amekaa chini, anachambua michembe, viazi vilivyokaushwa, kwenye ungo.

"Tumeshinda," nikamwambia. Nilikuwa nahema. "Hawatasema tena tasa. Wanakurudisha kwa heshima."

Aliendelea kuchambua.

"Umemwuliza mwalimu," akasema. "Umemwuliza bwana mifugo, umemwuliza shangazi, mama mkwe wangu ulimwuliza, mshenga wa watu umemwuliza. Mimi uliniuliza lini?"

Nilitahayari vibaya sana, mpaka masikio yakawaka. Miezi ile yote nilimsikia akiimba kwenye kinu na sikujiuliza ni kwa nini.

"Unataka kurudi?" nikauliza.

"Sitaki," akasema. "Kila asubuhi wananiamkia wakitazama tumbo. Mume wangu hana ubaya, lakini hana neno. Hapa nalala usingizi." Akatua ungo. "Kama wangeniita tasa ningebaki. Nilikuwa nimeshakubali kubaki na jina. Sasa umenisafisha, na sina tena sababu ya kubaki."

Hakulisema kwa kunilaumu, alisema tu. Kisha akanyanyuka, akakung'uta kanga, akanawa mikono, akatoka.

Nilimfuata kwa mbali. Alikwenda mbele ya wazee, akapiga magoti kama inavyopasa, akawaamkia mmoja mmoja, na shemeji pia. Akasema anashukuru kwa heshima waliyompa, na kwamba harudi.

Sasa mambo yaligeuka, na kila mtu aliona yalivyogeuka. Mke aliyekataa mwenyewe, bila kupigwa wala kufukuzwa, ng'ombe wake wanarudi. Hiyo ndiyo sheria, hakuna mrija wa kuipima. Mshenga hakutaka hata kuisema. Alimtazama baba, akasubiri.

Baba alikaa. Wale ng'ombe walikuwa wamezaa kwake, aliwajua kwa sauti, na mwaka ule pamba yake ilikuwa imeoza shambani kwa mvua. Nilikuwa na hakika atamkemea dada. Shangazi alifumbua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, nadhani, akaufunga bila kusema.

"Mayu," baba akamwita dada. "Ni wewe unayesema, au ni huyu mdogo wako?"

"Ni mimi, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Akaenda zizini mwenyewe, akaanza kutoa miti ya mlango, mmoja mmoja, akiiegemeza pembeni. Akawatenga wa mahari na wa kwake bila kukosea hata mmoja. Yule mweupe alipotaka kuwafuata wenzake, mshenga akasema huyo wangemwacha, hawawezi kurudi naye, watachekwa. Baba akajibu kwamba hakuwa na nia ya kumtoa.

Kisha akamkabidhi dada fimbo. "Waswage," akasema.

Dada aliwaswaga wale ng'ombe kutoka uani kwetu, kupita kisima, kupita shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, mpaka kwenye ua wa minyaa ulio mpaka wetu. Wazee walitangulia. Shemeji alitembea kando yake na hawakusemezana. Walipofika kwenye minyaa dada alimpa shemeji ile fimbo, akamwambia amsalimie mama yake, akasimama mpaka vumbi likaisha. Aliporudi, miguu ilikuwa myeupe hadi magotini, na kitu cha kwanza alichotaka ni kujua kama ugali umebaki. Mama alimpakulia, akamwongezea, akamwongezea tena.

Nimekuwa mwalimu wa biolojia, na habari hii nimewasimulia watu wengi. Wote hucheka mahali palepale, kwa mshenga. Na wote, wanawake kwa wanaume, wakishamaliza kucheka, huniuliza kitu kimoja: je, dada yako alikuja kuzaa? Huuliza huku sauti wameishusha, kama wateja wa lile duka. Mimi hujibu swali lolote, hata la chuchu za baba zao. Hilo huwaambia waende wakamwulize mwenyewe.